Fundi bomba amekata boriti za dari: je, tuhame?

*"Shikamoo mhandisi. Tumerithi nyumba ya kale ya ghorofa moja Mji Mkongwe, Unguja. Mwaka jana tulihamishia choo na bafu juu, chumba cha upande wa uani. Fundi bomba alivunja sakafu akakata boriti nne kwa upande wa juu ili apitishe bomba la inchi moja na nusu. Mikato hiyo iko kama shubiri moja kutoka ukutani, kina chake sentimita 4. Boriti ya tano aliikata kwa chini, katikati ya chumba, karibu nusu ya unene, ili bomba kubwa la choo lipate mteremko. Boriti ni za mkoko, unene sentimita 12, na chumba kina upana wa mita 2.6. Tangu masika kuna ufa kwenye vigae, na asubuhi tunakuta vumbi jeupe juu ya kitanda cha bibi anayelala chumba cha chini. Mjomba anasema boriti hizi zina zaidi ya miaka mia, hazina wasiwasi. Fundi mwengine anataka kujaza mapengo kwa saruji. Je, tuhame?"*

Marahaba. Nianze na bibi. Leo kabla ya magharibi kitanda chake kitoke chini ya dari hiyo, alale chumba kingine. Choo cha juu kifungeni, msimwage maji huko mpaka mtu aje atazame. Nyumba nzima hamna haja ya kuihama kwa haya uliyonieleza, ila chumba hicho na kilicho chini yake visikaliwe na mtu kwa sasa.

Umeniuliza juu ya boriti tano kana kwamba zina ugonjwa mmoja. Hazina. Zile nne zilizokatwa juu, karibu na ukuta, ni kosa ambalo mnaweza kulirekebisha kwa nafasi yenu. Ile moja iliyokatwa chini katikati ya chumba ndiyo iliyonifanya nianze na kitanda cha bibi. Nitakueleza sababu, maana ukiielewa hutadanganywa na fundi yeyote tena, hata mimi.

Umewahi kuona wauza miwa sokoni. Muwa mnene hauvunjwi kwa mikono mitupu. Hutiwa kisu kidogo kwanza, kisha hupindwa, nao hukatika palepale kisu kilipopita. Tena muuzaji haupindi ovyo. Huupinda ili ule upande wenye jeraha ufunguke. Akiupinda upande wa pili, jeraha hufumba na muwa hugoma.

Boriti iliyobeba sakafu inapindwa vivyo hivyo, kidogo sana, usiku na mchana. Inapolemewa, sehemu yake ya juu hubanwa na ya chini huvutwa. Nyuzinyuzi za mti zilizo katikati ya unene zinakaa karibu bure, hazibanwi wala hazivutwi sana. Kazi kubwa inafanywa na ngozi ya juu na ngozi ya chini. Kwa hiyo fundi anayetaka kupitisha waya mwembamba hutoboa tundu dogo katikati ya unene, na boriti haijali. Anayekata juu au chini amekata palepale penye kazi.

Halafu kuna hesabu ambayo watu wengi huikosea. Mtu akikata theluthi ya unene hudhani amepunguza theluthi ya nguvu. Uimara wa mbao ya mraba dhidi ya kupinda hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe. Ikibaki theluthi mbili ya unene, basi theluthi mbili mara theluthi mbili ni asilimia 44. Boriti zenu ni za duara, hesabu yake ni ndefu kidogo, lakini nimeipiga: boriti ya sentimita 12 iliyokatwa sentimita 4 imebaki na asilimia 47 hivi pale penye mkato. Ile iliyokatwa nusu imebaki na robo, na hapo sijaingiza suala la kona, ambalo nitalifikia.

Sasa mahali pa mkato. Boriti iliyokalia kuta mbili hupindwa zaidi katikati, na jinsi unavyosogea ukutani kupinda kunapungua. Kwenye chumba chenu cha mita 2.6, shubiri moja kutoka ukutani kupinda ni kama theluthi tu ya kule katikati. Zile nne zimebakiwa na asilimia 47 mahali panapodaiwa theluthi. Zinapumua. Fundi wenu angesogea dhiraa moja kutoka ukutani akakata kina kilekile, nisingesema hivi, kwa sababu hapo deni linafika asilimia 57. Ile ya tano inadaiwa deni zima na mfukoni ina robo.

Huenda unajiuliza mbona basi haijaanguka. Mti mzima ulikuwa na akiba kubwa, na sakafu ya chokaa iliyoshikana na mawe inawasukumia boriti jirani sehemu ya mzigo. Wao ndio wanaoibeba hiyo iliyokatwa. Ufa kwenye vigae, ukiwa unafuata mstari wa boriti hiyo au ya jirani yake, ndiyo alama ya kwamba sakafu imeanza kulalia upande.

Nchi zenye kanuni za nyumba za mbao zimeyaandika haya kwa vipimo. Marekani, kanuni ya nyumba za kuishi hairuhusu mkato wowote katika theluthi ya katikati ya boriti ya mbao. Nje ya hapo mkato usizidi sehemu moja ya sita ya unene, na pale mwisho kabisa inapokalia ukuta, robo. Uingereza wanataka mkato uwe juu tu, usizidi moja ya nane ya unene, na uwe kati ya asilimia 7 na 25 ya urefu kutoka ukutani. Kanuni hizo zimeandikwa kwa mbao zilizopasuliwa kiwandani, hazikuandikwa kwa mkoko wa duara, kwa hiyo sizitumii kama sheria kwenu. Ila tazama: zile nne za juu zimeangukia mahali pazuri, kosa lake ni kina. Ya tano imevunja kila kitu kwa mara moja.

Na kona. Msumeno ukishuka wima na patasi ikaja kwa ubapa, panabaki kona kali ndani ya boriti. Mvuto uliokuwa ukipita ngozi ya chini unafika hapo, unakuta njia imekatwa, unajikunja kupanda juu, na wote unajazana kwenye kona. Mti ni hodari kuvutwa kwa urefu wake, lakini ni dhaifu sana kupasuliwa kufuata nyuzi. Yeyote aliyechanja kuni anajua. Ufa huanzia kwenye kona na kukimbia kwa ulalo kuelekea ukutani. Mara moja niliitwa kwenye nyumba ya namna yenu huko pwani, boriti ikionekana nzima kabisa ukiwa umesimama. Nilipopanda ngazi na kumulika tochi kutoka ubavuni, kulikuwa na mstari mweusi unaotoka kwenye kona ya mkato, mwembamba kama unywele mwanzoni, na karibu na ukuta wembe uliingia wote. Mwenye nyumba alikuwa ameupaka rangi mara mbili akidhani ni uchafu.

Mjomba wako simdharau. Amesema nusu ya kweli. Mkoko ni mti mgumu na mzito, mchwa hawaupendi kama wanavyopenda mbao laini, na ukitumika mzima bila kupasuliwa nyuzi zake zinazunguka vifundo bila kukatwa, jambo linaloupa nguvu kuliko mbao ya msumeno yenye ukubwa uleule. Ndio maana majahazi yalibeba boriti za pwani yetu mpaka Oman na Ghuba kwa karne nyingi, na huko, ambako waliziita chandal, vyumba vya nyumba za kale vina upana uleule wa kwenu. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Lakini miaka mia aliyoitaja ni ya boriti nzima. Boriti iliyokatwa ina umri wa mwaka mmoja. Tena mti una tabia moja ambayo chuma hakina: mzigo unaoweza kubebwa kwa dakika chache hauwezi kubebwa kwa miaka. Kwa mzigo wa kudumu mti huhesabiwa kuwa na takriban asilimia 60 tu ya nguvu iliyoonekana kwenye jaribio la muda mfupi. Sakafu ya chokaa na mawe yenye unene wa sentimita 20 ina uzito wa kilo 350 hivi kwa kila mita ya mraba, na haiendi likizo. Juu yake mmeongeza saruji na vigae, kilo mia nyingine. Kama mmeweka na tangi la maji la lita 1000 juu ya chumba hicho au jirani yake, hiyo ni tani nzima. Litolewe maji leo.

Na mjomba akikwambia kwamba wakwezi hukata vidato kwenye minazi na minazi haianguki, mwambie ni kweli, kwa kuwa mnazi umesimama na uzito wake unashuka na shina. Laza mnazi huohuo juu ya mfereji uwe daraja, vidato vikitazama chini, kisha mwombe avuke yeye kwanza.

Huyo fundi wa saruji mshukuruni, mumpe chai, aende. Saruji hubeba kubanwa, haibebi kuvutwa. Ukiijaza kwenye pengo la chini, boriti ikipinda pengo linafunguka na saruji inaachana na mti. Umebaki na kiraka kizuri cha macho. Kwenye pengo la juu, kipande cha mbao ngumu kilichogongwa kikakaza kabisa kingesaidia kidogo, kwa sababu huko kuna kubanwa, lakini saruji mbichi inaulowesha mti, ikikauka inasinyaa, na baadaye inafungia unyevu ndani. Unyevu ndio ninaouogopa kuliko msumeno. Bomba la maji machafu lililolazwa ndani ya mikato ya boriti, likivuja kwenye kiungio kimoja, litalowesha mti uliojeruhiwa, mahali ambapo hakuna anayeona. Mkoko mkavu unadumu vizazi; ukilowa na kukauka, kulowa na kukauka, huoza kama mti mwengine wowote, tena huanzia kwenye vichwa vilivyo ndani ya ukuta. Umesema ufa ulionekana tangu masika. Huenda ni mvua, huenda ni bomba.

Kabla ya mtaalamu kufika mnaweza kujua mengi wenyewe. Lile vumbi jeupe lisugue kati ya vidole. Likikwaruza kama mchanga ni chokaa, maana yake dari inacheza. Likiwa laini kama unga na rangi yake imeelekea maziwa au kahawia, ni wadudu wanaotoboa mti, na hilo ni jambo la pili la kushughulikia. Panda ngazi mchana, umulike boriti ya tano kutoka ubavuni, si kutoka chini, utafute ule mstari kwenye kona mbili za mkato. Usijaribu kuupima kwa kuusukuma. Gonga boriti zote kwa mpini wa nyundo toka katikati kuelekea ukutani. Mti mzima unalia, uliooza unanyamaza. Chomeka bisibisi kwenye vichwa vilivyo ukutani. Ikizama bila ubishi, umepata jibu. Halafu funga uzi mwembamba toka ukuta hadi ukuta chini ya boriti ya tano, upime nafasi kati ya uzi na boriti, uandike na tarehe. Boriti za mkoko zilizaliwa zimepinda, kwa hiyo kuiona imepinda hakukwambii chochote. Kinachosema ni kipimo kinapobadilika wiki hii na ijayo. Kwenye ufa wa vigae piga alama za penseli kwenye ncha zake mbili.

Cha kwanza kufanywa na fundi ni kuegemeza. Mbao nene ilazwe chini ya boriti ya tano na jirani zake mbili kila upande, ikatishe chini yake zote tano, ibebwe na mirunda mitatu iliyosimama juu ya mbao nyingine sakafuni, na kabari za mbao zigongwe mpaka zikaze. Zikaze tu. Msiruhusu mtu alete jaki ainyanyue dari irudi ilikokuwa, kwa sababu chokaa ya kale haikunjuki. Mtapasua sakafu nzima ya juu kwa kutaka kuinyoosha.

Tiba yenyewe ina njia zaidi ya moja. Kwa boriti ya tano, mimi ningeweka boriti mpya kandoni mwake, toka ukuta hadi ukuta, na ile ya zamani ibaki hapohapo kama mstaafu. Kuna mafundi wanaopendelea kupigilia vipande viwili vya mbao ubavuni mwa mkato, nusu mita kila upande, kwa misumari. Kwenye mbao laini za kupasua, vipande virefu vya kutosha vikifungwa kwa bolti, ni kazi inayokubalika. Kwenye mkoko mkavu wa duara sipendi: mbao bapa haikai sawasawa juu ya mviringo, msumari unapinda au unapasua, na kila tundu la bolti ni jeraha jengine kwenye boriti ambayo tayari haijiwezi. Boriti mpya haiombi chochote kwa ile mbovu. Swali mnalojiuliza hapo ni jinsi ya kuiingiza kati ya kuta mbili zilizosimama. Tundu moja linachimbwa kina mara mbili ya linalohitajika, boriti inazamishwa huko kwanza, kisha inarudishwa nyuma mpaka kichwa cha pili kiingie tundu lake. Kila kichwa kikalie ukuta sentimita 15 au zaidi, juu ya jiwe bapa, kizungushiwe mawe na chokaa, si saruji, ili mti upumue. Mwisho kabari ngumu zigongwe kati ya boriti mpya na mawe ya dari ili ianze kubeba kweli. Bila kabari, itakaa pale ikitazama tu. Boriti mnunue kwa muuzaji mwenye kibali. Mikoko haikatwi kiholela, nanyi hamtaki kesi juu ya dari.

Zile nne ni rahisi zaidi. Boriti moja ngumu ipite chini yake zote, sambamba na ukuta, kama sentimita 40 kutoka ukutani, ikibebwa na nguzo mbili zenye msingi chini. Mkato sasa unabaki kati ya ukuta na egemeo jipya, na mzigo wa chumba unapokelewa kabla haujafika kwenye jeraha. Inapunguza kidogo urembo wa chumba cha chini, nakiri. Wengine wataweka kabati la bibi katikati ya nguzo hizo na hakuna atakayejua.

Kuna watakaokushauri kuweka chuma, na watakaosema ng'oa yote mmwage zege. Chuma kinafanya kazi, lakini kwa hewa ya chumvi kiwe cha kupakwa zinki na kitazamwe kila baada ya miaka michache. Zege siipendekezi kabisa: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazikujengwa kwa uzito ule, na ukuta ukianza kusukumwa nje mtakumbuka boriti kwa huzuni. Tena, Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ujenzi wowote ndani yake unahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nendeni kwao mapema, hata kama mkato ulifanywa bila ruhusa. Wana watu wanaozijua nyumba hizi, na ushauri wao mtauhitaji kuliko wangu wa mbali.

Kuna mambo ambayo ukiyaona msisubiri miadi: mstari kwenye kona ya mkato unaorefuka, mlio wa mti kukatika usiku, kipande cha plasta au jiwe kuanguka, mlango wa chumba cha juu kuanza kugoma ghafla, au kipimo cha uzi kubadilika kwa milimita chache ndani ya wiki. Hapo tokeni nyote, mumwite mhandisi wa majengo siku hiyohiyo. Hata bila hayo nataka mhandisi aje ndani ya wiki mbili aione kwa macho, maana mimi nimesoma barua tu, na mkato ulioambiwa "karibu nusu" mara nyingi ukipimwa hukutwa umezidi.

Bomba nalo lihamishwe, la sivyo mtarudi palepale. Mabomba yafuate boriti, yapite kwenye nafasi iliyo kati ya boriti na boriti, yasizikatize. Kama lazima yakatize, yapite chini ya dari yakining'inia kwa vishikio, au sakafu ya bafu iinuliwe kwa kijukwaa chepesi cha mbao na mteremko upatikane huko juu. Choo kisogee kwenye ukuta wa nje ili bomba kubwa litoke moja kwa moja. Kabla ya kufunga vigae, bomba lizibwe mwisho, lijazwe maji, liachwe usiku kucha, na asubuhi mtu apitishe mkono mkavu kwenye kila kiungio.

Kazi ikiisha, mirunda isitolewe siku hiyohiyo. Chokaa ipewe wiki kadhaa ikaze. Kisha legezeni kabari moja, mkae kimya chini yake, mpime uzi. Kesho yake ya pili. Uzi ukibaki ulivyo mpaka kabari ya mwisho, mrudishieni bibi kitanda chake.